Muonja Tindikali

Walimleta Mwalimu Anyosisye kwenye nyumba ya chaji saa tisa alasiri, wamemlaza juu ya mlango uliong'olewa bawaba, na betri yake bado iko mgongoni. Kwa sheria ya mji wetu, mtu akifia nje, betri haivuliwi mpaka muonjaji awepo. Muonjaji ndiye mimi, Sekela, binti wa fundi betri, mdomo mkali, subira kiduchu. Niliwafokea wale wanaume wanne kwa kunikanyagia sakafu na matope, nikawaambia wamweke chini wasinikodolee macho. Wote walijua nafoka kwa sababu naogopa. Hawakujua naogopa nini.

Nilimvua kamba moja moja. Feni ya barakoa yake ilikuwa imesimama. Walimkuta saa saba mchana kwenye mteremko wa shule ya zamani, gunia la vitabu ubavuni, hatua kama mia tatu tu kutoka mlango wa magharibi wa mji. Macho yalikuwa wazi. Niliyafumba mwenyewe, nikafunika uso wake kwa kanga yangu ya kazini, halafu nikachukua kile chumba cha betri nikakiweka mezani.

Zamani, nilipokuwa mtoto, betri ya gari ilikuwa boksi moja lenye vyumba sita ndani, na kazi yake ilikuwa kuamsha injini asubuhi. Leo gari halipo. Mlima Rungwe umekuwa ukitema hewa ya salfa mwaka wa kumi na tisa sasa, na mtu akitoka nje bila feni ya kumchujia hewa hafiki mbali. Kwa hiyo tulizikata zile betri kwa msumeno. Kila mtu akapewa chumba kimoja, na sahani zake za madini ya risasi, na tindikali yake, akafunga mgongoni. Kikijaa chaji kinazungusha feni kwa muda wa saa kumi na mbili. Watu sita waliokatiwa betri moja tunawaita ndugu wa betri. Tindikali yao hutiwa siku moja kutoka dumu moja, na jioni hurudi pamoja kuunganishwa, maana mashine ya chaji inataka vyumba sita kwa mpigo. Nimeona watu wakigombana na ndugu wa tumbo moja wakapatana na ndugu wa betri.

Mwenyekiti wa mji, Mzee Mwaisumo, alifika akihema. Alimtazama marehemu, akavua kofia.

"Sekela, mwanangu, onja utuambie."

"Betri iliyokwisha haionjwi, mzee. Unajua hivyo."

Alikuwa anajua, ila huzuni ilimchanganya. Chumba kikifanya kazi, tindikali huingia kwenye risasi, ikajificha mle kwenye sahani, kinachobaki nje ni maji matupu. Hata betri nzuri kabisa, ikiisha chaji, ukiionja utadhani imechakachuliwa. Lazima uichaji kwanza ili tindikali itoke kwenye sahani irudi kwenye maji yake. Ndipo ulimi utakwambia kweli.

"Basi kesho saa sita," akasema. "Mbele ya watu."

Gwakisa, mchanganyaji wangu, alikuwa amesimama karibu na madumu yake, mikono imefichwa ndani ya aproni ya mpira. Yeye ndiye hupokea tindikali kali kutoka kwa wachuuzi wa barabarani, akaimimina kidogo kidogo kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali, akaitia kwenye vyumba. Mimi huonja kila chumba kabla hakijatoka mlangoni. Miaka kumi na moja tumefanya kazi hivyo na hatujawahi kuzika mtu kwa betri.

"Dada," aliniambia kwa sauti ya chini, "ile yake tuliitia Jumatatu iliyopita. Dumu la kumi na saba."

"Najua ni dumu gani."

"Uliionja, ukasema nzuri."

"Si nimekwambia najua, Gwakisa."

Alirudi kwenye madumu yake. Ni mtu mpole, hana kinyongo moyoni, na mimi namwonea kila siku.

*

Kesho yake saa sita ua wetu uliofunikwa ulijaa. Tumpe, mjane wa Mwalimu na pia ndugu yake wa betri, alisimama mbele na wale wanne wengine waliobaki. Hakuwa analia. Alikuwa amejifunga kanga mbili kiunoni kama mtu anayejiandaa kulima.

Watu wa nje wanaweza kuuliza kwa nini mji mzima ulitegemea ulimi wa mwanamke mmoja. Mita za umeme zililiwa na hewa ile ile iliyokula mabati yetu. Boya la kioo tunalo, lile la kutumbukiza kwenye tindikali uone linaelea kwenye mstari upi. Ila wachuuzi walishajua siri yake. Ukikoroga chumvi kwenye tindikali hafifu, maji yanakuwa mazito, boya linapanda na kukwambia mambo safi. Tulidanganywa na boya mara mbili, ndipo baba yangu akarudia kazi ya mafundi wa kale: tone moja kwa ncha ya kijiti cha kioo, gusa ulimi, tema, sukutua kwa maji ya magadi. Ulimi haudanganywi na chumvi. Mji ukaapa kwamba neno la muonjaji halipingwi, na muonjaji akidanganya anavuliwa betri, anafungiwa ndani ya nyumba ya chaji maisha yake yote.

Sasa niseme lililokuwa linanitisha. Ulimi wangu ulikufa mwezi Machi. Siku moja nilikuwa naonja, nikasubiri ule ukali unaouma mpaka nyuma ya taya, haukuja. Nikadhani mafua. Wiki mbili baadaye nikatia pilipili kichaa mdomoni, nikatafuna kama natafuna majani. Nililia siku ile, peke yangu, stoo. Halafu nikarudi kazini, kwa sababu foleni ilikuwa imefika getini na sikujua kazi nyingine, na kwa sababu nilipenda, nakiri, namna watu walivyonyamaza nilipoinua kile kijiti.

Tangu siku hiyo nilikuwa naonja kwa macho. Namfahamu Gwakisa. Akiwa na shaka na kazi yake hujikuna shingo, na hawezi kukutazama usoni. Kwa hiyo nilikuwa nagusa ulimi, namtazama Gwakisa, nasema nzuri au dhaifu, na miezi mitano sikukosea. Nikaanza kujiona mjanja.

Nilitumbukiza boya kwanza, kwa desturi. Lilielea kwenye mstari. Nikachovya kijiti, nikagusa ulimi. Baridi, basi. Nikainua macho. Gwakisa alikuwa ananitazama moja kwa moja, shingo imetulia, macho yananisihi niseme kweli.

"Nzuri," nikasema.

Ua ukaguna. Mzee Mwaisumo alifunga macho kidogo. Neno langu lilikuwa na maana moja tu: betri haina kosa, kwa hiyo Mwalimu alipitisha muda. Alitoka tangu juzi yake, akalala nje, chaji ikamwishia. Anayepitisha muda jina lake halisomwi kwenye matanga, na nafasi yake kwenye betri haijazwi mwaka mzima. Wale watano waliobaki watachajiwa mwisho, kwa chumba kibovu cha kuazima.

"Aliondoka jana saa moja asubuhi," Tumpe akasema. Hakupaza sauti. "Nilimfunga kamba mimi."

"Mama, neno la muonjaji limeshatoka," Mzee Mwaisumo akamjibu, na nilimwona anavyojichukia kulisema.

Tumpe alinitazama mimi, si yeye. Nikajikausha, nikachukua bakuli la magadi nikasukutua, ingawa hapakuwa na kitu cha kusukutua.

*

Tumpe alikuja baada ya siku mbili, asubuhi, wakati nasafisha sahani. Aliweka chumba chake mezani bila hodi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Sijaja kupewa pole. Juzi usiku hiki kilikuwa kimejaa. Jana tumezika, nimekaa nacho nje tangu saa mbili. Saa nane feni ikaanza kukohoa, nikakimbilia ndani. Muda wa saa sita, dada. Mume wangu aliondoka saa moja, wamemkuta saa saba. Saa sita vilevile."

Nikamwambia labda sahani zimechoka, labda kamba zimelegea, nikamtajia vitu vinne au vitano kwa haraka, na kila nilichokitaja nilijua ni upuuzi. Watu wetu wengi hawakai nje zaidi ya saa mbili tatu, wanachimba viazi wanarudi. Ndiyo maana hakuna mwingine aliyekuwa amegundua.

"Nimekichaji tena usiku kucha," akasema. "Onja."

"Sheria ni kuonja Jumatatu."

"Onja, dada Sekela."

Sikushika kijiti. Tumpe alinisubiri, halafu akakichukua yeye. Akachovya, akagusa ulimi, uso wote ukajikunja, akatema kwenye bakuli la magadi. Povu likapanda kidogo, likafa.

"Inauma kidogo tu," akasema taratibu. "Halafu ni chungu. Uchungu wa haluli, ile chumvi ambayo bibi alikuwa anatunywesha kusafisha tumbo." Aliniangalia. "Mtu yeyote angeisikia hii. Mtoto angeisikia."

Hapo akaelewa. Nilimwona anavyoelewa, polepole, na nikatamani anipige.

"Tangu lini?" akauliza.

"Machi."

Aliketi kwenye kiti cha wateja. Mimi nikaanza kusema sijui nini, kwamba nilimwamini Gwakisa, kwamba Gwakisa naye aliuamini ulimi wangu, kwamba boya lilipanda, kwamba wachuuzi ndio wauaji. Akainua kiganja kuninyamazisha.

"Hilo dumu letu limejaza betri ngapi?"

Nikahesabu kichwani. Betri saba, vyumba arobaini na viwili. Kimoja cha marehemu.

"Basi simama," akasema. "Utalia baadaye."

*

Nilimtuma Gwakisa apige kengele ya ukaguzi, nikamwambia aseme kuna nyufa kwenye maboksi. Hakuuliza; alijua vyumba ninavyovitaka ni vya dumu lipi. Hadi saa tano tulikuwa tumerudisha vyumba thelathini na tisa. Viwili vilikuwa nje: Lusekelo na mkewe Atupele, walioondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda machimbo ya magadi, mwendo wa saa tatu kwenda, tatu kurudi.

Gwakisa alianza kujifunga kamba.

"Nitawafuata," akasema. "Nitawakuta wakirudi, tutabadilishana feni zamu kwa zamu. Dada, niangalizie changu kwanza. Kilitiwa kutoka dumu la kumi na sita, la mchuuzi yule yule."

Akaniwekea mbele yangu, akafungua kifuniko, akanipa kijiti. Jamani, yule mtu aliniamini. Ningesema dhaifu tu, kwa usalama, naye angebaki, na wale wawili wangekufa. Ningesema nzuri, angeenda, pengine naye asirudi. Na vyote viwili ningevisema kwa uso mkavu kama nilivyozoea.

Nilivua changu mgongoni. Changu kilitiwa mwezi uliopita kutoka dumu la kumi na mbili, wakati Gwakisa alikuwa bado ananunua kwa mzee mmoja mwaminifu wa huko milimani.

"Vaa hiki," nikasema.

"Kwa nini? Onja tu, ni sekunde moja."

"Siwezi kuonja, Gwakisa. Sisikii kitu. Miezi mitano nimekuwa nikikutazama usoni."

Alibaki ameshika kamba. Sikuwahi kumwona amekasirika, na hata siku ile sijui kama ilikuwa hasira. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe," akasema. "Lile dumu nilikuwa nalo wasiwasi kidogo, harufu yake. Nikasema, Dada ataonja." Kisha akavaa betri yangu, akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake.

Alirudi saa tisa. Atupele alikuwa anatembea, amemshika mkono. Lusekelo alikuwa begani kwa Gwakisa, na kichwa chake kilikuwa kinaning'inia.

*

Nilikwenda kwa Mzee Mwaisumo kwa njia ya chini, ile korido iliyofunikwa, kwa sababu sikuwa na betri. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa akisugua magoti.

"Nani mwingine anajua?"

"Gwakisa. Na Tumpe. Mzee, Tumpe anao ulimi. Mpe kazi yeye leo hii, Jumatatu asimame pale."

"Mke wa aliyepitisha muda?"

"Hakupitisha muda."

"Nimekusikia." Alivuta pumzi. "Fikiri kidogo, mwanangu. Tumpe hawezi kusimama pale mpaka mumewe asafishwe. Nikimsafisha mumewe lazima niseme uliyoyafanya. Nikisema, kesho nani atavaa betri? Kila mtu atakaa ndani anatazama ile ya jirani. Tuna viazi vya siku tisa. Wataanza kuibiana madumu ya zamani, na wataanza na kuvunja mlango wako wa nyumba ya chaji." Akasugua magoti tena. "Vile vyumba vibovu umeshavirudisha. Tumpe atakuonjea kwa siri, stoo, alfajiri. Wewe utasimama mbele na kijiti. Mwakani tutaona."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu ameshakufa, Sekela."

Nilitaka kumtukana, sikuweza. Alichosema kilikuwa na akili, na mbaya zaidi, kilikuwa kinanifaa. Ningebaki na kijiti changu. Ningebaki na ule ukimya wa watu. Nililala siku tatu na hilo wazo, na ukweli ni kwamba siku ya kwanza nililala vizuri.

*

Jumatatu, Tumpe alikuwa ameonja vyote stoo kabla ya jua. Alinipa orodha bila kunisalimia. Jina la mumewe halikuwa limesomwa matangani. Jina la Lusekelo nalo lilikuwa limezikwa hivyohivyo, amepitisha muda.

Foleni ilinyooka hadi getini. Nikaanza. Chovya, gusa, tema. Nzuri. Nzuri. Dhaifu. Watu walinishukuru. Mama mmoja alinibusu mkono. Gwakisa alisimama kwenye madumu akitazama ukutani.

Wa mwisho walikuwa wale watano wa betri ya Mwalimu, kwa adhabu yao, wamebeba na kile chumba kibovu cha kuazima. Nyuma yao walikuwa wale watano wa betri ya Lusekelo, kwa adhabu kama hiyo, na mbele yao Atupele, mjane wake. Alikuwa bado hajapata sauti vizuri tangu siku ile machimboni. Aliweka chumba chake mezani, akainama, akanong'ona kwa nguvu zote alizokuwa nazo:

"Dada, nisamehe. Lusekelo alinisihi turudi mapema. Mimi ndiye niliyesema tujaze gunia la pili. Mimi ndiye niliyempitisha muda."

Alikuwa anaamini. Angeliamini hilo mpaka anaingia kaburini. Niliweka kijiti chini.

"Hamkupitisha muda," nikasema. Nikarudia kwa nguvu ili getini wasikie. "Lusekelo hakupitisha muda. Mwalimu Anyosisye hakupitisha muda. Betri zao zilikuwa na tindikali nusu, mimi nilisema nzuri, na ulimi wangu umekufa tangu Machi."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitegemea kelele. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameshapita aligeuka, akavua betri yake, akaishika mbele yake na kuitazama. Wengine wakafanya vilevile, mmoja baada ya mwingine, mpaka getini. Atupele alikaa chini pale pale alipokuwa.

Mzee Mwaisumo alinifungua kamba yeye mwenyewe, kama sheria inavyosema. Hakunitazama. Kisha akamwita Tumpe mbele, akasoma jina la mumewe na la Lusekelo, kwa sauti, mara tatu tatu, na watu wakajibu. Ndipo foleni ikapangwa upya kuanzia mwanzo, kila mtu, hata waliokwisha kuonjwa.

Tumpe alisimama kwenye nafasi yangu. Kabla ya kuanza alinishika kidevu.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Aliutazama ulimi wangu kwa muda, akachovya kijiti kwenye tindikali kali ya Gwakisa ambayo haijachanganywa, akaugusa nacho.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Ingekuwa inauma," akasema, "mume wangu angekuwa nyumbani."

Akaniachia, akafuta kijiti, akamwambia wa kwanza asogee.